Koti Moja, Namba Moja

Siku printa ilipoingia sebuleni, kochi kubwa lilitoka. Hapakuwa na namna nyingine. Chumba kilikuwa kile kile, nacho kilitakiwa kubeba meza, kompyuta, printa, kiti cha mteja na rafu ya karatasi. Kochi likapitishwa mlangoni kwa ubavu, likakwaruza ukuta, likaenda kukaa uani chini ya bati, ambako kuku wa jirani walilipokea kwa furaha kubwa. Mwenye nyumba, fundi majokofu kwa kazi yake, alisimama akilitazama. Kwenye kochi lile ndiko alikozoea kujinyoosha kila akitoka kazini, miguu juu, redio kifuani.

"Sasa mimi nitakaa wapi?" alimuuliza mkewe.

"Kwenye kiti cha mteja," mkewe akajibu. "Mteja asipokuwepo."

Fundi akacheka, maana wakati huo mambo yote ya ofisi ile mpya yalikuwa bado yanachekesha. Mkewe alikuwa ameajiriwa miaka mingi kama sekretari wa kampuni ya kusambaza vifaa vya ujenzi, hadi kampuni ilipofilisika. Badala ya kulipwa kiinua mgongo, wafanyakazi waliambiwa kila mmoja aondoke na kifaa alichokuwa akikitumia. Dereva alijaribu kuondoka na lori, akazuiwa getini. Mhasibu aliondoka na kabati la chuma ambalo hadi leo halijapata ufunguo. Yeye alibeba kompyuta na printa, akaenda nazo nyumbani kwenye mkokoteni huku amezishikilia kama mgonjwa. Mtaani walikuwa wakimwita Sekretari tangu zamani, na jina hilo halikufilisika pamoja na kampuni.

Akabandika karatasi mlangoni: kuchapa, kopi, skani, picha za pasipoti, maombi ya kazi na ya vyuo. Watu wakaja wengi kuliko alivyotarajia. Kule mjini kulikuwa na steshenari kibao, lakini huko unamkuta kijana anakuchapia barua huku jicho lake liko kwenye mpira, na ukimwambia kakosea anakuuliza kama unataka kuja kuchapa mwenyewe. Kwa Sekretari mtu alikaribishwa akae, akapewa maji, akaulizwa tarehe ya kuzaliwa kwa upole kana kwamba ni jambo la maana sana. Wazee wasioona vizuri walisomewa walichoandikiwa, neno kwa neno, mpaka waseme ndiyo.

Aliyepata taabu ni fundi. Njia ya kutoka bafuni kwenda chumbani ilipita sebuleni, na mara kadhaa alibaki bafuni na taulo lake akisubiri mtu amalize kueleza historia ya kiwanja chake. Siku moja alichelewa kazini kwa sababu ya wosia wa bibi mmoja mwenye watoto wengi. Mwishowe mshonaji wa nyumba ya pili aliwaonea huruma, akawashonea pazia zito la kugawanya sebule mara mbili. Hakutaka malipo. Alisema ipo siku na yeye atakuwa na shida ya kompyuta.

Shida yake ilikuja mwezi ule ule. Maombi ya vyuo vya serikali yalifunguliwa, na safari hii karatasi hazikupokelewa tena. Kila kitu kilipitia kwenye mfumo wa mtandaoni. Mtaa ulikuwa umejaa vijana waliomaliza shule, na karibu wote waliishia kwenye kile kiti cha mteja.

Wa kwanza kumwandikisha alikuwa binti yake mwenyewe. Msichana huyo alitaka uuguzi tangu akiwa mdogo, na hakuna paka wa mtaa ule ambaye hajawahi kufungwa bandeji naye. Simu hakuwa nayo, kwa hiyo mama akaweka namba ya baba. Ndivyo alivyojifunza mfumo ule, kwa kumjazia mwanawe, akibonyeza na kurudi nyuma na kubonyeza tena. Kila hatua mfumo ulituma tarakimu kwenye simu, nazo zilipaswa kurudishwa kabla hazijaharibika. Fundi alikuwa juu ya paa la hoteli, mikono imejaa grisi, na kila baada ya muda mfupi mkewe anampigia amsomee tarakimu. Jioni alirudi akasema kama kuna mtoto mwingine wa kuandikishwa, wamtafutie baba mwingine.

Walipoanza kuja vijana wa mtaani, Sekretari akakumbana na jambo hilo hilo. Huyu hana simu, yule anatumia ya mama yake ambayo iko sokoni, mwingine anabadilisha laini kama soksi. Barua pepe ndiyo kabisa, wengi hawakuwahi kuwa nayo. Basi akafanya kama alivyozoea kufanya maisha yake yote. Kule kazini kila barua iliyotoka, iwe ya mkurugenzi au ya mlinzi, chini yake ilikuwa na namba moja, ya meza yake. Yeye ndiye aliyepokea, yeye ndiye aliyejibu. Hakuna aliyewahi kumwambia kuwa ni kosa. Alisifiwa kwa hilo. Kwa hiyo vijana wote aliwaandikia namba yake, na barua pepe yake, na aliwaambia waende nyumbani wakapumzike, majibu yakija atawaita.

Kulikuwa na suala la picha pia. Maelekezo yalitaka picha ya heshima, na vijana walikuja na fulana za timu za mpira. Sekretari akatundika shuka la buluu ukutani, akaenda kabatini, akatoa koti la mumewe, la kijivu lenye mistari, ambalo fundi alioa nalo na ambalo alilivaa kwenye misiba tu. Kila aliyekuja aliambiwa aingie kwenye koti. Wembamba walibanwa mgongoni kwa vibanio vya nguo. Mtoto wa mshonaji, ambaye mtaa mzima ulimwita Mrefu, mikono ilimwishia karibu na kiwiko, lakini picha ilikuwa ya kifuani, haikuonekana. Alitoka kwenye picha kama meneja wa benki. Mama yake aliitazama hadi machozi yakamlengalenga, akasema laiti marehemu baba yake angeiona.

Ujumbe ulianza kuingia asubuhi akiwa anaosha vyombo. Simu ililia, ikalia tena, ikaendelea kulia mpaka ikawa inatambaa yenyewe juu ya meza. Akafuta mikono akaja kusoma. Ujumbe ulikuwa mmoja, umerudiwa kwa kila jina aliloliandikisha: ombi lako limesitishwa kwa ajili ya uhakiki, fika ofisini. Jina la Mrefu lilikuwamo. La binti yake halikuwamo, kwa kuwa la binti yake halikuwa kwenye namba ile.

Hakumwambia mtu. Alivaa gauni lake la kazini la zamani, lile la kola nyeupe, akaenda. Kwenye ofisi ya maombi ya vyuo mlinzi alimwamuru aache mkoba chini, kisha akamuuliza mbele ya watu kama yeye naye anataka kuanza chuo. Watu wakacheka kidogo. Sekretari akatabasamu kwa adabu, akapanda ngazi.

Afisa aliyempokea alikuwa mwanamke wa makamo, macho mekundu kwa kutazama kioo cha kompyuta. Alisikiliza kidogo tu, akaandika namba ya simu aliyotajiwa, kisha akakigeuza kioo ili mgeni aone mwenyewe. Zilikuwa picha, zimepangwa safu kwa safu. Sekretari aliwajua wote, mtoto wa muuza mkaa, mapacha wa mwalimu, Mrefu na shingo yake. Lakini ilimchukua muda kuona alichokuwa akionyeshwa. Wote walikuwa ndani ya koti moja, mistari ile ile, mkunjo ule ule kwenye kola, na nyuma yao shuka lile lile.

"Namba moja, barua pepe moja, koti moja," afisa alisema. "Hapa tunajua ni nini. Mtu amekaa mahali anatengeneza wanafunzi hewa, nafasi zikitoka auze. Tulikuwa tunacheka hapa, tunasema huyu mwizi hata nguo hana."

Sekretari alihisi uso unamwaka. Angeweza kusema pale pale kwamba koti lina mwenyewe, na mwenyewe ni mume wake, na kwamba hao ni watoto wa watu. Badala yake aliuliza kwa sauti ya chini, sasa inakuwaje.

Afisa akamweleza. Mwenye namba aje mwenyewe, akiri, aandike maelezo. Waombaji nao waje na vyeti vyao halisi waonekane kwa macho. Baada ya hapo watapangwa upya. Mwisho Ijumaa, ikipita, maombi yote yanafutwa hadi mwakani.

"Na wote aliowaandikisha huyo mtu wanaingia humo," afisa aliongeza. "Hata kama yupo aliyekwisha kupita kwa namba nyingine, anarudishwa anapanga foleni na wenzake. Nafasi zilizobaki ni chache. Atakayekuta zimekwisha, zimekwisha."

Kisha akamtazama vizuri, kwa mara ya kwanza.

"Wewe ndiye mwenye namba hii?"

"Hapana," Sekretari alisema. "Nimetumwa na jirani."

Njia nzima ya kurudi alijichukia kwa neno hilo. Jirani.

Alikuta nyumba ina furaha. Fundi alikuwa amerudi mapema na soda za watu wote, na binti alikuwa ameishika simu ya baba yake kwa mikono miwili, anasoma, anaacha, anasoma tena. Amechaguliwa. Uuguzi, chuo alichokitaka. Msichana alimrukia mama yake shingoni na Sekretari akamkumbatia kwa nguvu, akalia, na wote wakadhani ni machozi ya furaha. Kwa kweli na furaha ilikuwamo.

Alipompata mumewe peke yake chumbani alimweleza yote, hata lile koti. Fundi alikaa kitandani. Kwanza alitaka kucheka, mistari ya koti lake kufika serikalini kabla yake, lakini mkewe alipofikia sehemu ya binti, kicheko kilimtoka usoni.

"Huyo afisa anajua kuhusu binti?"

"Hajui."

"Basi."

Akasema mambo mengi, kwa sauti ya kunong'ona, maana pazia la mshonaji halikuzuia sauti. Alisema yeye hamtakii mtu mabaya, na hao vijana wengine amewapakata. Lakini mtu akija kuuliza, aambiwe mtandao. Nani hapa mtaani hajawahi kuambiwa mtandao hakuna? Benki wanasema mtandao, hospitali wanasema mtandao, na watu wanageuka wanakwenda nyumbani hawana kinyongo na mtu. Mwakani maombi yatafunguliwa tena, atawaandikisha wote bure, kila mmoja kwa namba yake. Akiukosa mwaka huu binti yao, yeye hajui kama mwakani ataweza kulipa hata nauli ya kumpeleka. Majokofu yenyewe siku hizi watu wananunua mapya.

Aliyoyasema mumewe yalikuwa ya kweli, na aliyasema kwa uchovu, si kwa ubaya.

Akajaribu. Walipokuja kuulizia, aliwaambia mfumo unasumbua, mtandao uko chini, wavute subira. Ilikuwa rahisi kupita kiasi. Hakuna aliyebisha. Mama wa mapacha alimpa pole, akamwambia apumzishe macho, hizi kompyuta zitamuua. Muuza mkaa alimletea mkaa kidogo wa shukrani kwa usumbufu anaoupata. Sekretari alipokea, akauweka jikoni, na siku hiyo alipika kwa gesi ili asiuguse.

Jumatano alasiri mshonaji aliingia bila kubisha hodi sana, futi ya kupimia ikimning'inia shingoni. Alikuwa amesikia habari za binti. Alimwita msichana asimame katikati ya sebule, anyooshe mikono, kwa sababu sare ya kwanza ya uuguzi ya mtaa huu ataishona yeye, na asisikie mtu anataja malipo. Alimpima mabega, akampima kiuno, akitania kwamba wagonjwa wa kiume hawatataka kupona. Binti alikuwa anacheka, mikono juu.

"Mtandao ukitengemaa na Mrefu naye atakumbukwa," mshonaji alisema, pini midomoni. "Kila asubuhi ananiuliza, mama, umepita kwa Sekretari? Namwambia tulia, yule mama hawezi kukusahau."

Sekretari alikuwa ameketi mbele ya kompyuta. Akaizima. Hakujua kwa nini aliizima. Labda alitaka mikono iwe na la kufanya.

"Jirani, si mtandao," alisema. "Ni mimi."

Akaeleza. Hakueleza vizuri, alianza katikati, akarudi nyuma, lakini mshonaji alielewa. Alitoa pini midomoni moja moja, akazichoma kwenye kitambaa cha begani. Binti alishusha mikono polepole.

"Na huyu?" mshonaji aliuliza, akimwonyesha msichana kwa kidevu.

"Huyu ni kwa namba ya baba yake."

"Kwa hiyo wako amepita, wangu amezuiwa, na mkono ulioandika ni mmoja." Alikuwa anaikunja futi, vizuri, kama mtu asiye na haraka. "Siku zote hizi nimekuja hapa. Nimekuja nimekaa hapa, ukanipa maji."

Sekretari akamwomba msamaha. Akamwambia bado kuna muda mpaka Ijumaa, aje na Mrefu na vyeti, yeye mwenyewe atakwenda kukiri. Mshonaji alisema watakuja. Alipotoka aliufunga mlango taratibu, jambo ambalo lilimuumiza Sekretari kuliko kama angeubamiza.

Binti alikuwa bado amesimama pale alipopimiwa. Alimtazama mama yake, akavaa ndala, akasema basi waambiwe wote leo hii, nani ataanzia wapi. Jioni hiyo walipita nyumba kwa nyumba, mama upande huu, binti upande ule. Wapo waliopokea kwa utulivu. Muuza mkaa aliuliza kama mkaa wake uliwaka vizuri. Mama wa mapacha alisema mbele ya watoto wake kwamba nafasi zinauzwa, kila mtu anajua, na labda bei ndiyo haikufika. Binti ndiye aliyeyasikia maneno hayo, na alirudi nyumbani ameyabeba, na bado aliwatetea wenye uchungu. Alimwambia mama yake amefanya vizuri kusema ukweli, na kwamba anajivunia.

Mama hakumwambia sehemu iliyobaki, kwamba naye angeweza kurudishwa foleni.

Ijumaa asubuhi fundi alimsindikiza mkewe hadi mlangoni. Alikuwa amevaa ovaroli ya kazi, lakini kazini hakwenda.

"Nenda ukawatoe hao watoto wa watu," alimwambia. "Hilo sikatai tena, hata mimi nimeshindwa kuwaangalia. Lakini wangu usimguse. Nakuomba hilo tu. Hakuna mtu atakayekuuliza."

Kwenye korido ya ofisi kulikuwa na benchi refu lililoegemea ukuta, na vijana wa mtaa walikuwa wamelijaza, bahasha mapajani, wamepauka kwa hofu. Wazazi walisimama. Kwa kuwa kila mmoja alikuja na nguo zake, walionekana wadogo kuliko kwenye zile picha. Mshonaji alijibanza mwishoni mwa benchi pembeni ya Mrefu. Hakuitikia salamu ya Sekretari, wala hakugeuza uso. Alimwangalia tu, akasubiri aone atafanya nini.

Afisa alimkumbuka.

"Jirani yako hakuja?"

"Jirani ndiye mimi."

Afisa aliweka kalamu chini. Sekretari alisema yote kwa mkupuo, namba ni yake, barua pepe ni yake, koti ni la mumewe, hana leseni, ofisi ni sebuleni kwake, na wote wale wako hapo nje, ni watu wenye mama zao. Alipewa karatasi aandike. Aliandika kwa mwandiko wake mzuri wa kiofisi, na aliona aibu hata kwa uzuri wake. Afisa alisoma, akainuka akachungulia koridoni, akawatazama vijana wale uso kwa uso na picha zao. Aliporudi alikuwa amelainika.

"Hukuwatendea haki, mama. Lakini si wizi, nimeona. Tutawapitia mmoja mmoja. Mfumo utakufungia usiandikishe mtu mwaka huu na labda ujao."

"Nashukuru."

"Weka sahihi hapa. Hapa inasema umetaja wote. Ni hawa tu, au kuna mwingine uliyemwandikisha kwa namba tofauti?"

Lilikuwa swali la kawaida, limeandikwa kwenye fomu, na afisa aliliuliza huku tayari anatafuta muhuri. Jibu la hapana lingepita bila mtu kuinua kichwa. Kupitia mlango uliokuwa wazi Sekretari aliliona benchi. Mrefu alikuwa amekunja miguu yake mirefu chini ili watu wapite, na mama yake alikuwa anafungua bahasha kwa mara nyingine kuhakikisha vyeti vimo. Sekretari alimpenda binti yake kuliko kitu chochote duniani, na hilo halikupungua hata chembe wakati ule. Lakini alijaribu kuona kesho, mshonaji akipita mbele ya mlango wake, akashindwa kuona angemkaribisha kwa neno gani.

"Yupo mmoja," alisema. "Ameshachaguliwa. Uuguzi."

"Nani huyo?"

"Binti yangu."

Afisa alikaa na muhuri mkononi. "Nisingejua," alisema.

"Najua."

"Basi mpigie aje na vyeti vyake kabla hatujafunga. Asipofika, lake linafutwa."

Alitoka koridoni akapiga simu. Ilipokewa mara moja. Fundi alikuwa ameishika mkononi. Alimweleza kwa maneno machache. Akasikia kwa mbali sauti ya binti ikiuliza, baba, kuna nini.

"Nilikuomba kitu kimoja," mumewe alisema, na simu ikakatika.

Hakujua kama mumewe atamwambia binti. Angeweza kunyamaza, akaiacha siku ipite kwa hasira. Na binti mwenyewe, hata akiambiwa, kwa nini aje? Mama yake alikuwa amemwacha azunguke mtaa mzima akiwafariji wengine bila kujua kwamba naye ni mmoja wao. Sekretari alisimama karibu na dirisha, na kila viatu viliposikika kwenye ngazi aligeuka. Benchi lilisogea. Mtoto wa muuza mkaa aliitwa, akatoka anatabasamu. Pacha mmoja alipita, mwenzake akaambiwa asubiri. Mama yao akaacha kusema kwa sauti.

"Unamsubiri nani?" Ilikuwa sauti ya mshonaji. Yalikuwa maneno ya kwanza aliyomwambia tangu Jumatano.

"Binti yangu. Anarudishwa kwenye foleni."

Mshonaji akatazama ngazi, na yeye pia.

Mlinzi alikuwa ameanza kufunga madirisha ya chini walipotokea. Fundi alikuwa mbele na ovaroli yake, anahema, amemshika binti mkono kama zamani alipokuwa akimvusha barabara. Aliuachia juu ya ngazi, akabaki hapo hapo, hakumsogelea mkewe wala hakumtazama. Binti alikuwa amelia, ilionekana wazi, na hakujaribu kuficha. Bahasha ya vyeti alikuwa ameibana kwapani. Alimpita mama yake karibu sana, kiasi cha nguo zao kugusana, akaenda moja kwa moja hadi kwenye benchi, akasimama mbele ya vijana wenzake.

"Wa mwisho ni nani?" aliuliza.

Mrefu alinyoosha mkono. Mama yake akamsukuma kwa kiwiko asogee, na msichana akakaa.